Kitabu cha nyongeza cha lishe: kinafaa kununuliwa?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari na anameza dawa ya glibenclamide. Shemeji yetu aliye Ubelgiji alitutumia kitabu cha lishe ya kupunguza wanga, kilichoandikwa Marekani. Sasa nimeona kuna kitabu cha pili cha kuandamana nacho, chenye mapishi, menyu za wiki mbili na majedwali ya vyakula. Mpaka kinifikie ni dola 35. Je, bila hicho cha pili, cha kwanza kitatusaidia? Ninunue?

JIBU: Marahaba, mama. Kwa hali uliyoieleza, usikinunue. Sehemu tu ya fedha hizo inatosha mizani ya jikoni ya betri, na mizani itakusaidia zaidi.

Kitabu cha nyongeza kina kazi moja ya maana: kukupunguzia hesabu. Kanuni zote zimo katika cha kwanza, na sura za mwanzo za cha pili kwa kawaida huzirudia tu. Kurasa tupu za kuandika ulichokula, daftari la shule linazitosheleza. Yanabaki majedwali na mapishi, na hapo ndipo thamani ya dola 35 inapopimwa.

Upimaji wenyewe si mgumu. Wauzaji wengi wa mtandaoni huonyesha kurasa chache bure. Zifungue, kisha andika pembeni vyakula vilivyopikwa nyumbani kwako wiki iliyopita: bukari (ugali), sombe (kisamvu), matembele, lenga-lenga (mchicha), samaki wa tomsoni, ndakala (dagaa), maharagwe, viwavi vikavu, kinywaji cha munkoyo. Tafuta kimoja kimoja. Katika kitabu cha Marekani utayakuta maharagwe. Lenga-lenga unaweza kuisoma kwenye mstari wa spinachi bila kupotea, kwa kuwa zote mbili mbichi zina karibu gramu 4 za wanga kwa gramu 100. Lakini usitarajie kukuta bukari, wala munkoyo, ambayo watu wengi hapa huinywa kama maji ilhali imetengenezwa kwa mahindi. Kwa mgonjwa wa sukari wa Lubumbashi, hesabu kubwa iko kwenye bukari. Jedwali lisilo na bukari halimfai mumeo hata likiwa na vyakula elfu.

Mapishi nayo yatazame kwa macho ya jiko lako. Vipimo ni vikombe na wakia (wakia moja ni gramu 28), na mengi yanataka oveni ya digrii 350 za Fahrenheit, yaani takriban 177 za Selsiasi. Anayepikia mbabula, jiko la makaa, atayaruka karibu yote.

Sasa mizani. Pima sufuria ikiwa tupu, uandike uzito wake. Pima unga mkavu kabla ya kuupika, tuseme gramu 500 za mahindi. Unga wa mahindi una karibu gramu 76 za wanga kwa kila gramu 100, kwa hiyo humo mna gramu 380. Songa bukari kama kawaida, pima sufuria na bukari yake, toa uzito wa sufuria. Ikibaki gramu 1500, gawa 380 kwa 1500: kila gramu 100 za bukari yako zina wanga gramu 25. Tonge kubwa la sahani, gramu 300, lina 76. Ukichanganya unga wa muhogo, namba itapanda kidogo, maana wenyewe una zaidi ya 80. Hesabu hii unaifanya mara moja. Ukishika uwiano uleule wa unga na maji, hutairudia.

Linganisha basi. Lishe kali za namna hii huanza na gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku nzima. Tonge moja limekwisha kuzivuka. Mimi simpeleki mumeo huko. Kulipunguza tonge la jioni kutoka gramu 300 hadi 150 kunaondoa gramu 38 za wanga, na hilo nyumba inaweza kulishika mwaka mzima.

Jambo moja katika kitabu ulicho nacho linaweza kukupoteza. Kitabu cha Marekani hufundisha kutoa nyuzinyuzi kwenye jumla ya wanga, kwa sababu lebo za Marekani huzihesabu ndani yake. Lebo za Ulaya zimekwisha kuzitenga, na bidhaa za Afrika Kusini zinazoingilia mpakani Kasumbalesa huziandika pembeni vilevile. Biskuti ya Ubelgiji yenye wanga 60 na nyuzinyuzi 8 ina wanga 60, si 52.

Majedwali ya bure yapo kwenye intaneti: ya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyotayarishwa na chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili na washirika wao, na ya Kenya ya mwaka 2018, yaliyotolewa na serikali yao pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Ni ya Kiingereza, lakini ugali, yaani bukari yetu, umo. Ukikuta kitabu cha nyongeza kilichoandikwa kwa vyakula vya kwetu, hapo nitasema nunua.

Lakini, mama, kabla ya kupunguza hata tonge moja, mumeo amwone daktari wake. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula bukari au hakula. Ukipunguza wanga huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka chini ya miligramu 70 kwa desilita: anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anachanganyikiwa, na usiku huenda usijue. Dalili hizo zikitokea naye bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, rudia. Akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Mwulize daktari pia hali ya figo zake kabla ya kuongeza nyama na samaki sahanini.

Akishapangiwa dozi, niandikie ni kiasi gani anameza, bukari ya jioni ina uzito gani, na kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula. Nitakusaidia kuigawa sahani.