Passion: kutoka msalabani hadi barua ya kuomba kazi

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka neno moja la Kiingereza. Basi tulimalize leo, mwezi ujao tuzungumze mengine.

Passion kwa Kiswahili ni nini?
Nimeshaulizwa hili mara ngapi? Ni shauku, ari, hamasa, ashiki au mateso, kutegemea sentensi, na sentensi hukunitumia. Ni sawa na kumuuliza fundi cherehani bei bila kumwambia unashona nini.

Kanisani kwetu kijana mmoja alitafsiri "Passion of Christ" kuwa "mahaba ya Kristo". Watu walicheka. Alikosea wapi?
Alikosea karne. Kilatini kina kitenzi *pati*, kuteseka, na nomino yake *passio*, mateso. Waingereza walilipata neno hilo kupitia Kifaransa katika Zama za Kati, na kwanza walilitumia kwa mateso ya Yesu. Maana ya hisia kali ilifuata baadaye, ya mapenzi ya kimwili baadaye zaidi, na hii ya kupenda mno kazi au mchezo ikaja nyuma ya zote. Safari yenyewe haishangazi: wazee wa Ulaya waliona hisia kali kuwa jambo linalompata mtu, kama homa. Wajerumani nao huita *Leidenschaft*, kutokana na *leiden*, kuteseka. Na sisi je, hatusemi fulani anaugua mapenzi? Biblia ya King James ya 1611, Matendo 1:3, ina neno hilohilo *passion*, na Kiswahili chetu kimeandika "baada ya kuteswa kwake". Kijana alikuwa na jibu mkononi, hakulifungua tu. Waliocheka nao sidhani walilifungua.

Patient wa hospitali na patience ni ndugu?
Ndugu wa damu, wote watoto wa *pati*. Aliyewahi kukaa foleni ya daktari haulizi.

Na fashion?
Hapana. Hilo ni la *facere*, kutengeneza. Kufanana mlio si undugu. Naomba mniachie mchezo huu wa kuunganisha maneno kwa sikio.

Muuza juisi anasema pasheni limeitwa hivyo kwa sababu linaongeza nguvu za mapenzi. Kweli?
Anauza juisi, mwache auze. Jina lilianzia kwenye ua. Wamisionari wa Kihispania walipofika Amerika waliona mmea huu na wakasoma ndani ya ua lake habari nzima ya Ijumaa Kuu: nyuzi za duara zikawa taji la miiba, vichwa vitatu vya katikati vikawa misumari, chavulio tano, yaani vifuko vya chavua, zikawa majeraha matano, na vikonyo vinavyojisokota vikawa mijeledi. Petali na sepali (vijani vinavyozishika petali kwa chini) zikijumlishwa ni kumi, wakasema ni mitume, Petro na Yuda wakiwa wameondolewa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alilitia muhuri jina la *Passiflora* mwaka 1753. Kwa hiyo ukinunua pasheni, au karakara kama wengine tunavyoliita, unanunua tunda la mateso. Lina vitamini C, linakata kiu, basi. Na wewe uliyeuliza, kama shida ni hizo nguvu, nenda kwa daktari. Usinywe lolote unalouziwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Mwalimu wa semina alituambia "fuata passion yako". Nifuate?
Alimaanisha ufanye kazi unayoipenda. Angeweza kusema hivyo, Kiswahili kingetosha. Vijana huniletea barua za kuomba kazi niwasahihishie, na kila ya pili ina "nina passion na uhasibu". Naikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: umefanya nini? Aliyefunga hesabu za duka la mjomba wake kwa miaka miwili aandike hilo, mwajiri ataelewa mwenyewe. Kuhusu kufuata, nijibu kwanza: hiyo semina ulilipia shilingi ngapi?