Mbawakawa wa buluu kwenye mbata

Ndugu, huyo mbawakawa wa buluu-kijani anayeng'aa uliyemkuta kwenye gunia la mbata karibu hakika ni Necrobia rufipes. Mtazame miguu kwanza: ikiwa myekundu, na vipapasio ni vyekundu shinani ila vina kirungu cheusi nchani, ndiye. Urefu wake ni milimita 4 hadi 7. Ndugu yake, Necrobia violacea, ana miguu myeusi. Huyo wako mwenye miguu myekundu hupenda pia samaki wakavu, na hula funza wa nzi, lakini usimhurumie kwa hilo, mbata ataiharibu.

Tafadhali usipulizie dawa, hicho ni chakula. Toa zilizoliwa, anika upya juani hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 6 hivi, na ufagie ghala, hasa nyufa.