Ukitaka kuwa jaji, anza na hati ya madai

Wanagenzi wanaopitia afisi yetu hapa Mombasa hawachoki kuniuliza: "Wakili, mtu hufikaje kwenye kiti cha jaji?" Jibu la kisheria ni fupi. Kifungu cha 166 cha Katiba kinataka tajriba ya miaka 10, kisha Tume ya Huduma za Mahakama inakuhoji mchana kweupe huku nchi nzima ikitazama. Basi. Lakini anayetaka kujua kazi yenyewe hujengwaje, mimi humwambia akasome maisha ya Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani.

Alizaliwa mwaka 1921 huko New Haven, Connecticut. Wazazi wake walikuwa wametoka kisiwa cha Nevis, na baba yake alikuwa mpishi pale Yale. Pesa za chuo hazikuwapo, hadi tajiri mmoja wa mji huo, Clarence Blakeslee, alipomsikia akizungumza mkutanoni na kujitolea kumlipia karo. Alihitimu sheria Columbia mwaka 1946, naye tayari alikuwa ameanza kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili aliyetetea haki za weusi. Ni Marshall yule yule aliyeusaidia ujumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1960 katika kuandaa rasimu ya haki za msingi, na ambaye Wakenya tumemsahau mno.

Kule kwa Marshall, Motley aliandika. Hati ya awali ya madai katika kesi ya Brown, iliyokuja kuangusha ubaguzi wa rangi mashuleni mwaka 1954, aliiandaa yeye. Alisimamia kesi ya James Meredith hadi kijana huyo mweusi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani alitetea kesi 10, akashinda 9.

Kwa hiyo mwanagenzi anayeniomba nimpeleke kortini "akaonekane," mimi humkabidhi faili. Mteja atakaa mbele yako saa nzima akichanganya shamba la marehemu, talaka ya dada yake na deni la duka. Ni juu yako kutoa humo aya chache ambazo mtu asiyemjua yeyote kati yao atazisoma na kuelewa nani anadai nini, na kwa haki ipi. Jaji naye hufanya kazi hiyo hiyo anapoandika hukumu. Usipoipenda ukiwa wakili, joho halitakufanya uipende.

Uteuzi wa Motley haukuwa mteremko. Rais Lyndon Johnson alimpendekeza Januari 1966, lakini Seneta James Eastland wa Mississippi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati husika, aliuchelewesha hadi Seneti ilipouidhinisha mwezi Agosti. Majaji wa shirikisho kule Marekani hawana umri wa lazima wa kustaafu. Huku kwetu ni miaka 70. Motley alibaki jaji hadi alipofariki mwaka 2005.

Hukumu ninayotaka muisome kwa utulivu ni ya mwaka 1975. Wakili mmoja wa kike aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili, Sullivan & Cromwell, kwa kuwabagua wanawake. Upande wa utetezi ukamtaka Motley ajiondoe: ni mwanamke, ni mweusi, na amewahi kutetea waliobaguliwa, ataachaje kupendelea? Alikataa. Hoja yake ni kwamba kila jaji ana jinsia, ana rangi na ana kazi aliyoifanya kabla. Hayo yakitosha kumwondoa mtu, kesi ile haitapata jaji wa kuisikiliza.

Mimi mteja amewahi kunitazama usoni akaniuliza wakili mwenyewe anafika saa ngapi, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Hata hivyo nawaonya vijana wasilichukue nusu nusu. Ukiwa na hisa katika kampuni inayoshtakiwa, au mlalamishi ni shemeji yako, ondoka bila kusukumwa. Ukiambiwa uondoke kwa sababu ya ulivyozaliwa, baki, na uandike sababu zako kwa maneno ambayo mahakama ya rufaa haitapata pa kuyashika.

Na msitunze ushindi peke yake. Ile kesi moja aliyoshindwa, Swain dhidi ya Alabama ya mwaka 1965, ilihusu kuwaengua weusi kwenye "jury", yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mwaka 1986, katika kesi ya Batson, Mahakama ya Juu iligeuka na kuachana na sehemu kubwa ya msimamo wake wa awali. Tangu mwaka wenu wa kwanza wa uwakili wekeni nakala za hoja mlizoandika na hukumu zilizotoka, za kushinda na za kushindwa, kwenye jalada moja lenye tarehe. Makamishna wa Tume watauliza kuhusu zile za kushindwa, tena kwa undani, na jibu la "sikumbuki" hulisikia kila mtazamaji.