Swali la Lugha: NAACP ilipigania haki za raia, za kiraia au za binadamu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia, Morogoro. Naandaa somo kuhusu NAACP (National Association for the Advancement of Colored People), chama cha kutetea Wamarekani Weusi, na maandishi niliyo nayo hayakubaliani. Moja linasema haki za raia, jingine haki za kiraia, jingine haki za binadamu. Jina la chama lenyewe nalo nilitafsirije? "Watu wa rangi" linanitia mashaka. Na yale mauaji waliyofanyiwa Weusi na makundi ya Wazungu kule Kusini tuyaite nini?

JIBU: Mwalimu, andika haki za kiraia. "Haki za raia" si kosa la sarufi, ila inamtaja mwenye haki tu, kwa hiyo inabeba haki yoyote aliyo nayo raia, hata ya kudai risiti dukani. "Za kiraia" inataja aina ya haki, yaani zile zinazotokana na uraia wenyewe: kupiga kura, kulindwa na sheria ileile inayomlinda jirani, kumpeleka mtoto shule ya serikali bila kuulizwa rangi yake. Kiambishi ki- ndicho kinacholeta tofauti hiyo, kama katika asasi za kiraia.

Na katika somo lako uraia ndio kiini. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, yakawapa uraia. Majimbo ya Kusini yakaanza kuupokonya kidogo kidogo kwa kodi za kupigia kura, mitihani ya kusoma na sheria za kutenganisha watu. NAACP iliundwa New York Februari 12, 1909, miezi michache baada ya umati wa Wazungu kuwashambulia Weusi huko Springfield, Illinois, mji alikoishi Abraham Lincoln. Madai yake ya mwanzo yalikuwa utekelezaji wa maneno yaliyokwisha kuandikwa katika Katiba. Mwaka 1915 ilisaidia kuangusha hila ya jimbo la Oklahoma, ambako mtu aliruka mtihani wa kusoma ikiwa babu yake alistahili kupiga kura kabla ya marekebisho hayo. Babu wa Mweusi miaka hiyo kwa kawaida alikuwa mtumwa! Mwaka 1954 wakili wake, Thurgood Marshall, alishinda kesi ya Brown, na shule za kutenganisha watoto kwa rangi zikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Hizo ni haki za kiraia kwa maana yake kamili.

Sasa kuhusu haki za binadamu, hapa nakuomba uangalifu mkubwa, kwa sababu watetezi wa Weusi wenyewe walizozana juu ya jambo hilihili. Oktoba 1947 NAACP ilipeleka Umoja wa Mataifa waraka ulioandaliwa chini ya uhariri wa W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi, mmoja wa waasisi wa chama na mtumishi wake, ukiishtaki Marekani mbele ya dunia kwa jinsi inavyowatendea Weusi. Umoja wa Kisovieti uliuchangamkia, kwani Vita Baridi ilikuwa imeanza. Eleanor Roosevelt, aliyeongoza Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na wakati huohuo akawa mjumbe wa bodi ya NAACP, hakutaka usikilizwe. Haukufika popote, na mwaka 1948 Du Bois aliondolewa kazini. Chama kikaendelea na njia ya mahakama na Bunge, njia ya raia anayeidai serikali yake. Mwaka 1964 Malcolm X, mwanaharakati Mweusi ambaye hakuwa mtu wa NAACP, alilifufua suala hilo waziwazi: madai yakiitwa ya kiraia yanabaki kuwa mambo ya ndani ya Marekani, yakiitwa ya binadamu taifa lolote lina ruhusa ya kuyasemea. Julai mwaka huo aliyapeleka Cairo, kwa wakuu wa nchi za Afrika. Kwa hiyo ukiandika kwamba NAACP ya mwaka 1954 "ilipigania haki za binadamu", wanafunzi hawataona kwamba pana mjadala mzito hapo, nao ndio ungewafungua macho.

Kuna mahali pamoja utakapohitaji neno jingine. Mwaka 1960 Marshall, kwa mwaliko wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, aliwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, akaandika rasimu ya sura ya haki katika katiba iliyokuwa ikijadiliwa, ikiwemo ulinzi wa mali za walio wachache. Hapo andika "haki za msingi". Kenya ilikuwa bado koloni, na watu wake walikuwa bado wanaudai huo uraia wenyewe.

Jina la chama: Chama cha Kitaifa cha Kuwaendeleza Watu wa Rangi. Nimechagua "kuwaendeleza" kwa sababu "maendeleo" kwetu huleta picha ya visima na barabara. "Chama" nakipendelea kuliko "shirika", maana NAACP ina wanachama, ada na matawi. Mwaka 1919 ilikuwa na wanachama wapatao 90,000 na matawi zaidi ya 300. Eleza tu darasani kwamba si chama cha kugombea uchaguzi. "Watu wa rangi" nalo libaki ndani ya jina, kwa kuwa mwaka 1910 lilipochaguliwa lilikuwa neno la heshima, na jarida la chama, chini ya Du Bois, lilijitangaza kuwa la watu wote wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde duniani. Nje ya jina andika Wamarekani Weusi. Usiandike "machotara", hilo litawapeleka wanafunzi Afrika Kusini, kwenye kundi lingine kabisa, la watu waitwao Coloured.

Swali lako la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Wengi huandika "kujichukulia sheria mkononi". Mwalimu, usilitumie. Kwetu maneno hayo humleta mbele ya macho mwizi aliyekamatwa sokoni, na msomaji anakubali bila kujua kwamba marehemu alikuwa na kosa. Ripoti ya NAACP ya mwaka 1919 ilihesabu watu 3,224 waliouawa hivyo kati ya 1889 na 1918, wengi wao Weusi, na wengi bila kosa lolote. Walter White, mtumishi wa NAACP, Mweusi mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu, alikuwa akiingia vijijini akidhaniwa Mzungu ili awahoji wauaji wenyewe. Emmett Till, aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, alikuwa mtoto wa miaka 14. "Kunyongwa" pia halitoshi, kwani ni hukumu ya mahakama, na wengine walichomwa moto au kupigwa risasi. "Mauaji ya halaiki" ni jambo jingine. Andika "mauaji ya umati kwa chuki ya rangi", kisha ukirudia sema "mauaji ya umati". Ni refu, lakini linamtaja muuaji na sababu yake. Mswada wa kuyafanya kosa la shirikisho ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukakwamishwa Seneti. Sheria yenyewe, yenye jina la Till, ilitiwa saini Machi 29, 2022.

Upatanisho wa kisarufi: "NAACP ilishinda", kama tusemavyo "TANU ilidai uhuru". Ukilitanguliza neno chama, "chama cha NAACP kilishinda". Usichanganye yote mawili katika sentensi moja.