Tovuti ikiwa na https, Tor ya nini tena?

SWALI: Karibu kila tovuti sasa ina alama ya kufuli. Kuna haja ya kutumia kivinjari cha Tor Browser kwa mambo ya kawaida? Na nikiitumia, bado niangalie https?

JIBU: Haja ipo, na https uiangalie, kwa sababu vinaficha vitu tofauti. Https huficha kilichomo: nywila, ujumbe, hata ukurasa unaousoma. Jina la tovuti halifichi. Kampuni inayokuuzia bando kwa kawaida huliona kwenye maombi ya DNS (kifaa chako kinapouliza tovuti iko wapi) na pale muunganisho unapoanza, na tovuti nayo huiona anwani yako ya IP. Tor hupitisha data kwenye seva tatu: ya kwanza inakujua ila haijui uendako, ya tatu inajua uendako ila haikujui.

Hatari iko kwenye hiyo ya tatu, yaani seva ya kutokea, kwani usimbaji (ufichaji wa data) wa Tor unaishia hapo. Ukifungua tovuti ya http tu, isiyo na https, anayeendesha seva hiyo, na anaweza kuwa mtu yeyote, husoma kila kitu na hata kukibadilisha. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliendesha seva chache za namna hiyo akanasa nywila za barua pepe za balozi kadhaa. Mwaka 2020 wahalifu waliziendesha kwa wingi, wakiondoa https ili wabadilishe anwani za kupokea bitcoin waweke zao. Tangu toleo la 11.5 la 2022, Tor Browser hudai https yenyewe. Ikikuonya kwamba tovuti haina, usiandike chochote humo. Anwani za .onion, yaani za tovuti zilizo ndani ya Tor yenyewe, hazipiti seva ya kutokea, kwa hiyo zimesimbwa mwanzo hadi mwisho hata bila https.

Wengi hujifichua wenyewe. Ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako, tovuti imeshakujua, Tor au bila Tor. Kabla ya kuhamia shughuli nyingine, anza utambulisho mpya (kwenye kompyuta ni alama ya ufagio). Usiongeze viendelezi, vinakutofautisha na watumiaji wengine. Faili ulilopakua lifungue intaneti ikiwa imezimwa, maana programu inayolifungua inaweza kuwasiliana nje ya Tor. Vivyo hivyo, WhatsApp na programu nyingine za simu hazipiti humo kabisa.

Benki ifungue kwa kivinjari cha kawaida: ikiona umeingia kutoka, tuseme, Ujerumani iliko seva ya kutokea, inaweza kufunga akaunti, na tayari inakujua. Tor ikigoma kuunganika, ingia kwenye mipangilio ya muunganisho uchague daraja (njia fiche ya kuingilia Tor) la Snowflake. Likishindwa, jaribu daraja la obfs4.