Re: Presha ya mama kwenye mashine inasoma minus 180, ni hatari?

Dada pole na kuuguza. Hiyo minus 180 uliyoiona kwenye skrini ya mashine ya dayalisisi (ya kusafisha damu ya mwenye figo mbovu) sio presha ya mama, presha yake ni ile ya mkanda wa mkononi basi. Zile zingine ni presha za mipira ya damu, wa kutolea unasoma minus kwa sababu pampu inavuta damu kutoka kwenye fistula (ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dayalisisi), wa kurudishia unasoma plus kwa vile damu inasukumwa irudi mwilini. Minus 180 wala isikutishe ila ikikaribia minus 250 nesi apunguze spidi ya pampu au acheki sindano, maana chembe za damu zinaweza kupasuka. Ya kurudishia ikipanda angalieni kwanza kama mama hajaulalia mpira au kukunja mkono, kisha ndo mambo ya damu kuganda, na ikiwa inapanda kila wiki kwa spidi ileile mwombeni daktari aicheki fistula isije ikawa inaziba. Ninayoiogopa mimi ni hiyo ya kurudishia ikishuka ghafla, sindano inaweza kuwa imechomoka na saa zingine alamu hata hailii, kwa hiyo huo mkono msiufunike na shuka kabisa yani uonekane muda wote, hata kama analalamika baridi.