Taarifa za malipo zinapotea, nyingine zinaingia mara mbili: tufunge RabbitMQ au Kafka?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Natunza mfumo wa SACCOS yenye wanachama kama elfu sita. Mwanachama akilipa kwa simu, kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye seva yetu, nasi tunaiingiza papo hapo kwenye mfumo wa uhasibu, kisha tunamtumia SMS. Mwisho wa mwezi mfumo wa uhasibu unazidiwa. Taarifa nyingine zinapotea, nyingine zinaingia mara mbili. Fundi mmoja ametushauri tufunge Kafka, mwingine anasema RabbitMQ. Tuchukue ipi, na je, itamaliza hili la kuingia mara mbili? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Naanza na sehemu ya mwisho kwa sababu humo ndimo zilimo fedha za watu. Hapana, haitalimaliza. RabbitMQ na Kafka ni programu zinazopokea ujumbe kutoka programu moja, kuutunza, na kuufikisha kwa nyingine. Zote mbili zinaweza kukuhakikishia kwamba ujumbe utafika. Kuhakikisha umehesabiwa mara moja tu ni kazi ya kanzidata (database) yako, na lazima uifanye mwenyewe.

Tazama kinachotokea sasa. Taarifa inaingia, mfumo wa uhasibu unachelewa, na aliyetuma anasubiri jibu hadi muda wake unakwisha. Kwake yeye hujapokea, kwa hiyo anatuma tena. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa inaendelea taratibu na ikaingia. Zikigonga zote mfumo ukiwa umelala, na mtumaji akachoka kurudia, malipo yamepotea. Kasoro hizi mbili zina chanzo kimoja: unajibu baada ya uhasibu kumaliza kazi yake.

Tenganisha. Programu ya kupokea iwe na kazi ndogo sana: iweke ujumbe kwenye foleni, isubiri foleni ikiri kuupokea, ndipo ijibu kwamba imepokea. Kwenye RabbitMQ hapo kuna mambo matatu yanayokwenda pamoja: foleni iwe ya kudumu, kila ujumbe utiwe alama ya kuhifadhiwa kwenye diski, na mtumaji awashe uthibitisho wa kupokelewa. Wengi hufanya la kwanza wakaridhika. Seva ikiwashwa upya wanaikuta foleni ipo, lakini ni tupu. Ukitumia foleni za aina ya quorum (zinazoweka nakala kwenye seva zaidi ya moja), zilizokuja na toleo la 3.8 mwaka 2019, ujumbe huandikwa kwenye diski kila mara, na ndizo ningekushauri kwa fedha.

Sasa upande wa kuchakata, ambako nakuomba usome polepole. Programu inachukua ujumbe wa shilingi 50,000, inaongeza salio, kanzidata inafanya COMMIT, yaani inakamilisha na kuhifadhi mabadiliko yote kwa pamoja. Kabla haijaiambia RabbitMQ kwamba imemaliza, umeme unakatika. RabbitMQ inaona muunganisho umevunjika na uthibitisho haukuja, hivyo inaurudisha ujumbe foleni na kuutoa tena. Bila kinga, mwanachama ana 100,000. Ukigeuza mpangilio, ukathibitisha kwanza ndipo uandike, umeme huohuo unampotezea mwanachama 50,000 zake na hakuna anayejua. Katika hayo mawili chagua ujumbe kurudiwa, kisha uzuie usihesabiwe mara mbili.

Kinga yenyewe ni namba ya muamala inayotolewa na kampuni ya simu. Iwekee faharasa ya kipekee (unique index, inayokataa namba ileile kuingia mara mbili) kwenye jedwali la miamala. Kwenye kanzidata ya PostgreSQL andika INSERT (amri ya kuingiza mstari) yenye ON CONFLICT DO NOTHING, yaani namba ikiwa tayari ipo isifanye kitu, na ongezeko la salio liwe ndani ya COMMIT hiyohiyo. Mstari haukuingia? Usiguse salio, thibitisha ujumbe, endelea. Usianze kwa SELECT kuuliza kama namba ipo, maana programu mbili zinaweza kuuliza kwa pamoja, zote zikajibiwa haipo. Wala usitunge ufunguo kwa kuunganisha namba ya simu, kiasi na tarehe. Mama anayewalipia wanawe wawili 10,000 kila mmoja siku hiyohiyo ana haki ya kuingiziwa zote mbili.

Kuna ujumbe ambao hautaingia kamwe, kwa mfano mtu amekosea namba ya uanachama. Ukiurudisha foleni utatolewa tena, utashindwa tena, na processor inaweza kukesha kwa kazi hiyo. Uelekeze kwenye foleni ya pembeni ya ujumbe ulioshindikana, na awepo mtu anayeifungua kila asubuhi. Weka pia kikomo cha ujumbe ambao programu moja inaweza kushika bila kuthibitisha. Usipokiweka hakuna kikomo, na mwisho wa mwezi foleni nzima inaweza kumwagikia programu moja. Anza na 20.

SMS iondoe kwenye njia hiyo kabisa. Ndani ya COMMIT ileile andika mstari kwenye jedwali la SMS za kutumwa, na programu nyingine izitume kwa nafasi yake. SMS ikijirudia ni usumbufu tu.

Kuhusu zana: Kafka ilizaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011. Ni daftari ambalo halifutwi kwa kusomwa. Ujumbe unabaki, kwa kawaida siku saba, na kila msomaji anakumbuka amefika ukurasa gani. Ukiwa na mifumo mingi inayotaka matukio yaleyale, au mafuriko ya data, haina mpinzani. Lakini ujumbe mmoja ukikwama, ulio nyuma yake kwenye sehemu ileile ya daftari unasubiri hadi uamue kuuruka. Ile ahadi yake ya kuchakata mara moja tu, iliyokuja na toleo la 0.11 mwaka 2017, inahusu data inayotoka Kafka na kurudi Kafka. Haifiki kwenye kanzidata yako ya uhasibu.

Kwa wanachama elfu sita, chukua RabbitMQ. Na kama mko mafundi wawili na tayari mna PostgreSQL, fikirieni kwanza jedwali la kawaida lifanye kazi ya foleni, programu zikichukua mistari kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED (kila moja inaishika mistari yake na kuiruka iliyoshikwa na nyingine), iliyopo tangu toleo la 9.5. Ni seva moja pungufu ya kulinda, na kwa mzigo wenu inatosha.

Kabla ya kuuwasha mfumo rasmi, fanya jaribio kwenye seva ya majaribio. Mwaga miamala elfu kadhaa yenye namba zinazojirudia, na katikati ya kazi uue programu ya kuchakata kwa kill -9 (amri ya Linux ya kuizima ghafla), mara kadhaa. Kisha linganisha jumla ya fedha ulizotuma, ukihesabu kila namba mara moja, na jumla ya salio zilizoongezeka pamoja na zilizo kwenye foleni ya pembeni. Tofauti ikiwa hata shilingi moja, usiwashe.